Je, Wajua? Kobe Anayetembea na Tangi Lake la Maji

Mama, baba, na wewe mwalimu wa chekechea: safu ya leo msomeeni mtoto kwa sauti. Kobe wa kushindana mbio na sungura ameshamzoea. Leo mpeni kobe wa kweli.

Je, wajua kuna kobe wa jangwani? Yuko Marekani, katika jangwa la Mojave, kwenye majimbo ya California, Nevada, Utah na Arizona. Wakati wa kiangazi ardhi ya huko hupita nyuzi 60 za Selsiasi. Usithubutu kwenda pekupeku!

Je, wajua anaponea wapi? Shimoni. Miguu yake ya mbele ni mipana, ina kucha nene za kuchimbia, na karibu sehemu 95 kwa 100 za maisha yake hupita chini ya ardhi. Mtoto akibisha, mtoe uani saa saba mchana aguse udongo wa juu. Kisha chimbeni kiasi cha urefu wa mkono, aguse tena. Maelezo mengine hayatahitajika.

Je, wajua anaweza kukaa mwaka mzima bila kunywa maji? Siri iko kwenye kibofu. Mvua ikikaribia, huchimba vijishimo vya kukingia maji, akanywa mpaka akatosheka, na akiba ile huihifadhi kibofuni. Inaweza kufika sehemu 40 kwa 100 ya uzito wake. Ni kama mtoto wa kilo 20 atembee na lita 8 za maji tumboni!

Sasa hapa ndipo watoto wanapocheka. Ukimwokota kobe huyu ghafla, hushtuka na kukojoa. Chekeni, lakini mwambieni mtoto yaliyobaki: mkojo ule ndiyo akiba yake yote, na kama mvua iko mbali anaweza kufa kwa kiu. Ndiyo maana watoto wa Mojave hufundishwa kumtazama kwa macho tu. Akikutwa barabarani kwenye hatari, mtu mzima humnyanyua taratibu, karibu na ardhi, na kumvusha upande uleule aliokuwa akielekea.

Je, wajua joto la shimo ndilo huamua mayai yatoe dume au jike? Joto la wastani, madume. Likizidi, majike.

Je, wajua gamba la kobe mchanga ni laini kama ukucha? Huchukua miaka kama mitano au zaidi kukomaa, na kunguru wanalijua hilo. Kunguru nao wameongezeka mno jangwani kwa sababu ya takataka na maji ya binadamu. Mla kobe ni kunguru, ila aliyemkaribisha ni sisi.

Je, wajua kobe wa Mojave analindwa na sheria ya Marekani tangu 1990? Akisalimika utotoni, anaweza kufikisha miaka 50, hata 80. Huenda akamzidi babu umri.

Na kwetu je? Tanzania na Kenya tuna kobe chapati, bapa kama jina lake. Akitishwa hakai akajikunyata: hukimbilia kwenye ufa wa mwamba.

La mwisho, kwa atakayejaliwa kufika Mojave: kabla ya kuwasha gari, chungulia chini yake. Kobe hupenda kupumzika kwenye kivuli hicho.