Funguo Tulishika Sisi, Cheo Kapewa Mwingine



Yako manung'uniko ambayo hayapigiwi kengele wala hayaitishiwi mkutano, lakini yanawatafuna wenzetu kimya kimya. Mojawapo ni kurukwa. Nafasi ya juu imetokea hapo hapo kazini, wewe kazi yake unaijua, umeingoja, na siku ya siku anapewa mtu mwingine.

Tunaye mwenzetu mmoja, mtu wa Palma. Jina lake tunalihifadhi, na la kampuni yake vile vile. Alikuwa msaidizi wa mtunza ghala kwa miaka sita, na kila spea anajua ilipo hata taa zikizimika. Mkuu wake alipoondoka, funguo alikabidhiwa yeye. Kwa miezi saba alipokea mizigo, akagawa mabuti na kofia ngumu, akahesabu mapipa ya mafuta, na kila Jumamosi akapeleka hesabu ofisini. Mshahara ukabaki ule ule wa msaidizi. Kisha likabandikwa tangazo mlangoni mwa ofisi, kwa Kireno, likakaa siku nne. Yeye hakuandika barua ya kuomba, kwa kuwa alidhani nafasi ni yake tayari. Mwezi uliofuata akaletwa kijana kutoka kusini mwa nchi akiwa na cheti chake, na mwenzetu akaambiwa: "Mfundishe."

Neno hilo ndilo lililomchoma kuliko kukosa cheo chenyewe. Anatwambia kwamba usiku ule chakula hakikupita. Kutwa mbili akaenda kazini akiwa amenuna. Siku ya tatu akalificha daftari la vipimo, ili mgeni aumbuke mbele ya wakubwa. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alijiona ndiye aliyeugua.

Hatutamcheka. Pwani hii imerukwa muda mrefu, na uchungu wake una mizizi. Mpaka mwaka 1929 Cabo Delgado ilikuwa chini ya Kampuni ya Niassa, iliyokusanya kodi ya kibanda na kuwatoa watu kazi ya shokoa. Wengi wa babu zetu walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, kwa sababu huko, pamoja na taabu zake zote, kazi ililipwa vizuri zaidi. Waliobaki waliwekwa katika fungu la "wenyeji" kwa sheria, na ili mtu atoke katika fungu hilo ilimpasa athibitishe kwamba amekuwa kama Mreno kwa lugha na mwenendo. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1961, lakini ngazi za kazini hazikubadilika kwa siku moja. Samora Machel, kabla hajawa kamanda, alikuwa muuguzi katika hospitali ya Lourenço Marques, na aliona kwa macho yake muuguzi mweusi akilipwa pungufu ya mweupe kwa kazi ile ile.

Uhuru ulipofika mwaka 1975, Wareno wengi waliondoka kwa haraka, na mafundi na mameneja wakiwamo. Wakati huo zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Ni nani basi waliobaki na mitambo? Ni watu waliokuwa wakishika taulo na spana huku fundi akifanya kazi. Walikuwa wamejifunza kwa kutazama. Palikuwa na makosa mengi, tusidanganyane, lakini kazi iliendelea. Mwaka 1976 yakaanzishwa Mabaraza ya Uzalishaji viwandani, na kutokana nayo chama chetu cha OTM kikazaliwa mwaka 1983.

Tunayasema haya kwa sababu leo cheti kimerudi kuwa mlango, na kwetu mlango huo ni mwembamba kuliko kwingine. Mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa Agosti 2020, na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua wakiwa na nguo walizovaa. Vitambulisho, vyeti vya shule na barua za sifa kutoka kazi za zamani vilibaki nyuma vikaungua au vikapotea. Kisha ofisi inamwuliza mtu huyo huyo: karatasi zako ziko wapi? Na manung'uniko kwamba nafasi nzuri za mradi wa gesi wa Afungi huwaendea watu wa kutoka mbali yalisikika Palma hata kabla ya vita kufika mjini. (Fundi wa jahazi hapa kwetu hajawahi kuombwa cheti. Anaombwa jahazi lisilovuja.)

Lakini turudi ghalani. Mwenzetu alipoleta habari yake kwenye kamati, jambo la kwanza tulilomwambia halikumpendeza: lirudishe daftari. Kijana yule hakujiajiri mwenyewe. Aliomba kazi kama sote tunavyoomba, na pengine nyumbani kwao ameacha mama anayengoja fedha. Ukimfichia vipimo, atakayeandikiwa barua ya onyo ni wewe, na ofisi itapata sababu ambayo jana haikuwa nayo.

Jambo la pili lilikuwa kuuliza. Katika maisha yetu tumefundishwa kwamba aliyenyimwa hanyooshi mkono mara ya pili, ni aibu. Si aibu. Sheria ya Kazi namba 23 ya mwaka 2007 iliandika wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kushindania ngazi za juu kwa kadiri ya sifa zake, uzoefu wake, matokeo ya kazi yake na mahitaji ya mahali pa kazi. Mmesikia: uzoefu na matokeo vimetajwa pamoja na sifa, havikutupwa nje. Tangu mwaka 2024 inatumika sheria nyingine, namba 13 ya mwaka 2023, na kila tawi liwe na nakala yake mkononi, maana ukienda ofisini na sheria iliyofutwa utarudishwa kwa kicheko.

Basi tuliandika barua moja, fupi, bila matusi. Iliuliza mambo matatu. Je, miezi saba ya uzoefu wake ilipimwa? Sifa gani hasa alipungukiwa? Na tofauti ya mshahara kwa miezi aliyoshika kazi ya mkuu iko wapi?

Jibu lilichukua wiki tano. Walisema amepungukiwa Kireno cha kuandika ripoti na kazi ya kompyuta. Mwenzetu alilisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Kireno, hapo wamesema kweli." Tulimheshimu kwa neno hilo. Si kila anayerukwa amedhulumiwa. Mwingine amekosa kitu kinachoweza kutafutwa, na afadhali akijue jina lake kuliko kukaa akidhani amelogwa. Kuhusu uzoefu wake, barua haikusema kitu, na tumewaandikia tena. Tumemwelekeza pia kwenye chuo cha ufundi cha IFPELAC huko Pemba, ingawa nauli na siku za ruhusa ni vita vingine, navyo tumeviweka mezani.

Kuhusu fedha za miezi saba, ofisi ilijibu kwamba alikuwa "akisaidia tu". Tumewaonyesha daftari la kupokea mizigo. Kila ukurasa una sahihi yake, na hakuna sahihi nyingine. Wasipolipa, shauri litakwenda kwenye kituo cha usuluhishi wa kazi, na daftari litakwenda nalo.

Siku hizi yeye na yule kijana wanakula pamoja chini ya mkorosho nyuma ya ghala. Kijana anamsahihishia ripoti zake za mazoezi. Funguo ziko kwa kijana, ila bado hajajua ule mlango wa nyuma unavyofunguka.