Kasirani ya jioni: akili ya hisia inaanzia mlangoni mwa nyumba

Chukua mfano wa motari mmoja wa Goma. Ni saa moja ya jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane, abiria wamekuwa wachache, na hesabu ya mwenye pikipiki haijatimia. Anazima pikipiki, anaingia, anakaa. Kabla bibi yake hajaleta fufu na sombe, binti wao mkubwa anasimama mbele yake: "Papa, prefe amesema kesho wasiolipa minervali watarudishwa nyumbani." Baba anapiga kelele. Anasema binti hana heshima, anasema bibi ndiye anayemharibu, anasukuma sahani na kutoka nje.

Ukimwuliza usiku ule ni kitu gani kilimpata, atajibu kwa neno moja: kasirani. Lakini kasirani ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa aibu, ile ya baba anayeombwa na mtoto wake kitu cha haki wakati mfuko ni mtupu. Aibu ni nzito kubeba. Kasirani ni rahisi kutupa nje, na hutupwa kwa yule aliye karibu.

Uwezo wa kuona tofauti hiyo kabla kinywa hakijafunguka ni sehemu ya kile wanasaikolojia wanachoita akili ya hisia. Wamarekani wawili, Peter Salovey na John Mayer, waliieleza katika makala ya mwaka 1990: kutambua hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kutumia unachokiona ili kuongoza mawazo na matendo yako. Mwaka 1995 mwandishi wa habari Daniel Goleman alitoa kitabu kilichoeneza jina hilo duniani kote. Tangu hapo kumekuwa na chumvi nyingi. Wako waliosema akili hiyo inapita ile ya darasani kwa mbali, na Mayer na Salovey wenyewe hawakukubali madai makubwa namna hiyo. Mwanafunzi wa hesabu bado anahitaji kujua hesabu.

Neno la kushika katika maelezo yao ni lile la kuzitofautisha. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, wakiongozwa na Matthew Lieberman, waliweka watu ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo na kuwaonyesha nyuso zenye hasira au woga. Walipoombwa kuchagua neno linalotaja hisia ya uso ule, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo huwaka haraka mbele ya hatari, ilipunguza kazi yake. Walipoombwa kuchagua tu jina la mtu, la mwanaume au la mwanamke, haikutulia vile. Kuutazama uso peke yake hakukutosha. Ilibidi hisia itajwe.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutaja. Kuna uchungu, wivu, haya, aibu, wasiwasi, woga, majuto, upweke, kinyongo. Hata hivyo, nyumbani na kazini mengi ya hayo humezwa na mawili: "nimekasirika" na "roho inaniuma". La pili linasema mahali panapouma, halisemi ni kitu gani. Mwenye wivu na mwenye woga wote huumwa roho, lakini dawa zao hazifanani. Mwenye woga anahitaji kujua hatari iko wapi na atapita njia gani. Mwenye wivu anahitaji kuuliza swali moja la kweli, na kungoja jibu.

Motari yule angeweza kufanya nini? Pesa hazingepatikana kwa kutaja aibu, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu kuna mafundisho yanayouza akili ya hisia kama dawa ya umaskini. Lakini angeweza kusimama dakika mbili kando ya pikipiki kabla ya kuingia. Angeweza kumwambia bibi yake mlangoni: "Leo hesabu haikufika, naona haya." Na kwa binti: "Mama, nimekusikia. Leo sina. Kesho nitaenda mwenyewe kuongea na prefe." Pengine binti angerudishwa nyumbani kesho yake vilevile. Ila angerudi akijua kwamba kosa si lake.

Upande wa pili wa akili hii ni kusoma hisia za mwingine. Katika likelemba, mama anayechelewa kutoa fungu lake kwa mara ya pili anaweza kuwa mjanja, anaweza pia kuwa na mgonjwa nyumbani. Kiongozi anayemtaja kwa sauti mbele ya wenzake wote anapata nafasi ya kuonyesha ukali, na mara nyingi anampoteza mwanachama pamoja na deni lake, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hukwepa hata njia ya kupita hapo. Anayemwita pembeni anapata habari kamili, na bado anaweza kuwa mkali baada ya kusikia. Si lazima awe mpole. Tapeli pia anajua vizuri kusoma woga na tamaa ya mtu. Ndiyo kazi yake. Kusoma hisia hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Jambo hili pia lisichanganywe na ile "vumilia" ambayo wanawake wa mashariki mwa Kongo wanaambiwa kila siku, na wakwe, na majirani, hata kanisani. Anayepigwa akiambiwa avumilie hafundishwi akili yoyote, ananyamazishwa. Hasira yake inasema kweli kwamba haki yake imevunjwa, na kuisikia vizuri ndiko kutakakompeleka kwa watu wanaoweza kumsaidia.

Vita navyo vimeacha vidonda ambavyo kutaja peke yake hakuviponyi. Mtu aliyekimbia kijiji chake na bado anaruka usiku akisikia mlango ukigongwa anahitaji kutunzwa. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 haikuishia kwenye upasuaji. Wanawake waliobakwa hupata huko pia msaada wa kisaikolojia, kwa sababu mwili unaweza kupona na mtu akabaki bado hajapona.

Watoto hawangoji kufundishwa haya. Katika nyumba ya motari, wadogo wameshajua kusoma namna pikipiki inavyozimwa. Ikizimwa polepole, wanakimbia mlangoni. Ikizimwa kwa nguvu, wanaingia chumbani na daftari zao, na mkubwa anaendelea kupanga kichwani atasemaje habari ya minervali.