Golf GTI ya Mtumba: Bei ya Kununua Ni Mwanzo Tu

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinifuata barazani akiwa ameshika simu. "Mjomba, hebu itazame hii." Ilikuwa picha ya Golf GTI nyekundu, mtumba, inauzwa hapa hapa Mombasa. Bei yake ilikuwa chini kuliko nyingine zote alizoziona, na akiba yake ya miaka minne ilitosha sawasawa. Nikamuuliza, "Ukishalipa, utabaki na ngapi?" Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Sitabaki na kitu, mjomba. Lakini gari litakuwa langu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Vijana wetu wengi wanaitamani GTI, na si ajabu, kwani ni gari zuri. Lakini kuna hesabu moja ambayo muuzaji hatakufanyia: gari likizeeka bei yake hushuka, ila bei ya spea zake haishuki nalo. Unalinunua kwa bei ya gari la kawaida, kisha unalitunza kwa gharama ya gari la kifahari. Asiyeijua hesabu hii huishia kuliuza kwa hasara, au kuliegesha uani likifunikwa turubai.

GTI ni gari gani?

Volkswagen waliionyesha GTI ya kwanza Frankfurt mwaka 1975, na ikaanza kuuzwa mwaka 1976. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, na mpango wa awali ulikuwa kutengeneza gari 5,000 tu. Watu waliipenda kwa sababu iliunganisha mambo mawili: gari dogo la milango ya kawaida na buti la kubebea mizigo ya nyumbani, lakini lenye mwendo wa gari la mashindano.

Zilizojaa barabarani kwetu ni Golf 6, ambayo GTI yake ilianza mwaka 2009, na Golf 7, ambayo GTI yake ilianza mwaka 2013. Zote mbili za GTI zina injini ya lita 2.0 yenye tabo. Golf 7 GTI ya mwanzo ina nguvu za farasi 220, na hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde sita na nusu hivi. Asubuhi unapeleka watoto madrasa, jioni unakwenda Mtwapa, gari ni lile lile.

Uagize au ununue la hapa?

Kwa kanuni za KEBS, gari la mtumba linaloingia nchini lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka 2026 huruhusiwi kuagiza gari lililosajiliwa kabla ya 2019. Kwa hiyo Golf 6 na Golf 7 za mwanzo unazoziona zikiuzwa hapa ni gari ambazo tayari zimetembea barabara zetu, zimekula vumbi letu na zimepita mikononi mwa mafundi wetu.

Ukiagiza kutoka Japan, kumbuka ushuru haukadiriwi kwa bei uliyolipa mnadani. KRA wana orodha yao ya bei za magari, kisha wanapunguza thamani kulingana na umri. Injini inayozidi cc 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha juu kuliko ndogo yake, na GTI ya lita 2.0 imo humo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutuma pesa.

Omba karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. Ukiona R au RA, jua gari hilo liligongwa likatengenezwa. Cheti cha Japan cha kusafirisha gari nje nacho huonyesha kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi. Kikisema 90,000 na dashibodi inasema 60,000, ondoka.

Ukinunua la hapa, fanya upekuzi wa NTSA kupitia eCitizen kabla ya kulipa hata shilingi ya kuzuia gari. Utaona jina la mwenye gari, na kama kuna benki inayolidai. Jina likiwa si la huyo unayezungumza naye, usikubali hadithi ya "ni la kaka yangu aliyeko Dubai" mpaka kaka mwenyewe apatikane na kukubali kuhamisha umiliki.

Ni GTI kweli?

Nembo ya GTI inanunuliwa dukani, na Golf ya kawaida ya lita 1.4 inaweza kuvishwa bampa, siti na ringi za GTI. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Fungua buti, inua zulia, utafute kibandiko cheupe cha kiwandani. Kinaandika nguvu ya injini kwa kilowati. Golf 6 GTI husoma 155 kW, na Golf 7 GTI ya mwanzo 162 kW. Ukikuta namba ya chini sana ya hapo, si GTI. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, uliza kwa nini, na uilinganishe namba ya chasisi na ile ya logibuku.

Maradhi yake

Kila gari lina maradhi yake. Ya hili yanajulikana, na ndiyo maana unaweza kuyapima kabla ya kununua.

La kwanza ni cheni ya taimingi ya Golf 6. Kikazio cha cheni cha injini za kabla ya kama mwaka 2012 kilikuwa dhaifu. Kikilegea, cheni huruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na injini imekwisha. Dawa ya mnunuzi ni kumwambia muuzaji asiliwashe gari siku hiyo. Nenda asubuhi, uguse boneti uhakikishe ni baridi, kisha liwashwe ukiwa umesimama mbele. Ukisikia mlio wa bati zinazogongana kwa sekunde chache halafu ukanyamaza, hiyo ni cheni inayoomba kubadilishwa. Ukikuta gari limeshapashwa moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.

La pili ni pampu ya maji. Kwenye Golf 7, pampu na nyumba ya thamostati ni za plastiki, na huanza kuvuja baada ya miaka. Tazama alama za maji yaliyokauka ya rangi ya waridi ubavuni mwa injini.

La tatu ni oili. Baadhi ya injini za Golf 6 hunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Tazama ekzosti gari likikanyagwa baada ya kusimama kwa muda. Moshi wa samawati ni oili inayoungua.

La nne ni giaboksi ya DSG. Hapa watu wengi huchanganya. GTI za Golf 6 na Golf 7 za mwanzo zina DSG ya gia sita, ambayo klachi zake zinaogelea ndani ya oili. Hii ni imara, mradi oili na filta yake vibadilishwe kila kilomita 60,000. Golf za kawaida za lita 1.2 na 1.4 nyingi zina ile ya gia saba yenye klachi kavu, na hiyo ndiyo yenye sifa mbaya. Mwaka 2013 Volkswagen wenyewe waliita magari mengi duniani ili kuibadilishia oili. Ukiambiwa "DSG ni mbovu", uliza kwanza ni DSG gani. Na muuzaji akikuambia oili ya giaboksi ni ya maisha, jua haijawahi kubadilishwa.

Katika majaribio, endesha pole pole kwenye msongamano. Gari likitingishika linapoondoka, au likigonga linapotoka gia ya pili kurudi ya kwanza, klachi au kompyuta ya giaboksi inaumwa. Mwisho, lipa fundi mwenye mashine ya kusoma Volkswagen aipime kompyuta yote. Awe fundi wako, si wa muuzaji.

Kulitunza Pwani

Pwani ina shida zake ambazo kitabu cha gari hakizitaji.

Maji kwanza. Visima vyetu vingi ni vya maji ya chumvi, na nimeona kwa macho yangu kijana akijaza maji ya kisima kwenye tangi la kupozea injini. Chumvi hiyo inakula bati na kuziba njia nyembamba za radieta. Tumia kulanti inayofaa iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya betri, basi.

Joto na foleni. Kwenye foleni ya feri ya Likoni au pale Kibarani, usisogee inchi kwa inchi huku breki umeiachia nusu. Hapo klachi zinasuguana na kupata moto. Simama, kanyaga breki kikamilifu, acha nafasi ifunguke mbele, kisha ondoka mara moja. Na maji yakipwa, ile ngazi ya kushukia feri huwa na mteremko mkali. Bampa ya GTI iko chini, shuka taratibu, na usilishushe gari zaidi kwa springi fupi.

Oili ya injini. Kitabu kinaweza kukuruhusu kilomita 15,000, lakini kwa joto letu na foleni zetu, badilisha kila 7,000 au 8,000. Tafuta oili yenye alama ya VW 502 00 mgongoni mwa chupa, na uinunue duka unaloliamini, kwani chupa bandia zipo. Tabo huishi kwa oili safi.

Hewa ya bahari. Osha gari chini, si juu tu, hasa kama unalaza karibu na ufuo. Tairi nazo zina umri: soma tarakimu nne ubavuni. Zikiandikwa 3218, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2018, hata kama kashata zake bado ndefu.

Kuhusu kuongeza nguvu

Wapo mafundi watakaokuambia kwa laptopu na nusu saa watakuongezea farasi hamsini. Inawezekana. Lakini nguvu hizo zinapita kwenye giaboksi, klachi na tabo zile zile zilizokwisha tembea kilomita laki moja. Gari ambalo bado hujalimaliza maradhi yake usiliongezee mzigo. Pia kampuni ya bima usipoiarifu kuhusu mabadiliko, siku ya ajali unaweza kunyimwa fidia. Na kasi ya kisheria barabara kuu haizidi kilomita 110 kwa saa, mjini 50. Hilo GTI linazimaliza ukiwa bado hujakanyaga sawasawa. Makaburi yetu yana vijana waliosahau hivyo.

Hesabu ya mwisho

Ushauri wangu ni huu: gawa pesa zako mafungu manne. Matatu yanunue gari, moja libaki. Fungu hilo ndilo litakalobadilisha oili zote mbili, plagi, kulanti, breki na tairi katika miezi ya mwanzo, na kulipa bima kamili. Kama matatu hayafiki bei ya GTI, basi leo si siku yake. Golf 7 iliyotunzwa, yenye risiti za gereji, ni bora kwa bei ya juu kuliko ile ya rahisi isiyo na historia. Rahisi ghali.

Mpwa wangu tulikwenda naye asubuhi kuliona lile jekundu. Tulipofika, boneti ilikuwa moto. Muuzaji alisema alikuwa amelitoa kuosha. Tulirudi siku ya pili bila kumpigia simu, akaliwasha likiwa baridi. Tulisikia sote watatu. Hakuna aliyesema neno, hata muuzaji.

Pesa zake bado ziko benki. Ananiambia sasa anaweka nyingine juu yake kila mwezi, na jina alilolipa fungu hilo ni "spea".