Rangi ya Kweli Katika Kioo cha Kompyuta

Mahindi yanapokosa naitrojeni, majani yake ya chini hugeuka manjano kuanzia kwenye ncha, na umanjano huo huingia ndani kwa kufuata uti wa jani. Yanapokosa fosforasi, mmea mchanga huwa na majani ya rangi ya zambarau. Yanapokosa potasi, kingo za majani hukauka kana kwamba zimeunguzwa. Mkulima wa uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mahindi ni zao kubwa la chakula na la biashara, aweza kuzitambua dalili hizo kwa msaada wa bango lenye picha. Lakini bango hilo litamfaa tu ikiwa rangi zake ni za kweli. Rangi zikipotoka, jani lenye afya litaonekana lina njaa, na mkulima atanunua mbolea asiyoihitaji.

Siku hizi mabango, vitabu na vifungashio hutayarishwa kwa kompyuta mpakato. Msanifu aweza kuwa Sumbawanga na mtambo wa kuchapa ukawa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara. Hawezi kusimama kando ya mtambo na kusahihisha wino. Hana budi kukiamini kioo chake. Katika makala haya tutaeleza jinsi kioo hicho kinavyoweza kustahili kuaminiwa.

Rangi na joto

Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuri yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yalitumika kuyeyushia mawe ya chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mhunzi, popote alipo, hupima joto la chuma kwa macho: chuma chekundu kina joto pungufu kuliko cha njano, na cha njano kuliko cheupe. Wanasayansi wameufuata uhusiano huo huo na kuieleza rangi ya nuru kwa kipimo cha joto kiitwacho kelvini. Balbu ya kizamani ya waya hutoa nuru ya takriban kelvini 2,700, ambayo ni ya manjano. Nuru ya mchana ni kati ya 5,500 na 6,500. Nuru ya kivulini chini ya anga la buluu yaweza kupita 8,000.

Hata hivyo, jicho halituambii tofauti hizo waziwazi. Shati jeupe huonekana jeupe kivulini na jeupe chini ya balbu, kwa sababu ubongo huizoea nuru iliyopo. Hapo ndipo msanifu hukosea. Tuchukue kioo ambacho nyeupe yake imeelemea buluu. Picha ya jani itaonekana ya kibuluu. Msanifu ataiongezea njano mpaka imridhishe. Bango likichapwa, njano ile iliyoongezwa hubaki katika karatasi, na jani lililokuwa zima huonyesha dalili ya ukosefu wa naitrojeni.

Dawa ya tatizo hili ni kuieleza rangi kwa namba. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, iliyoundwa mwaka 1913, ilitoa mfumo wa namna hiyo mwaka 1931, na mfumo huo ndio msingi wa vipimo vya rangi hadi leo.

Kuichagua mashine

Kila nukta ya kioo huchanganya nuru tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa kawaida kila nuru ina viwango 256, hivyo michanganyiko hupita milioni 16. Lakini wingi wa michanganyiko si upana wa rangi. Vioo vingi vya bei nafuu huonyesha takriban theluthi mbili tu ya eneo la rangi liitwalo sRGB, ambalo ni kipimo cha kawaida kilichobuniwa mwaka 1996. Kwa kazi ya usanifu, kioo kinapaswa kulifikia eneo hilo lote au karibu lote. Kiwe pia cha aina ya IPS, ambayo haibadilishi rangi sana kinapotazamwa kwa upande.

Nguvu ya mashine nayo ina nafasi yake. Picha ya bango kubwa huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi, diski ya SSD na prosesa yenye kasi. Lakini kasi haisahihishi rangi; mashine yenye kioo kibovu hutenda kosa lile lile kwa haraka zaidi.

Kukipima kioo

Kwanza, chumba. Sumbawanga ipo kwenye mwinuko wa takriban meta 1,800, na jua la kiangazi ni kali. Meza isielekee dirishani wala kulipa kisogo, na ukuta ulio karibu uwe wa rangi ya kijivu au nyeupe iliyofifia. Ukuta wa buluu au kijani huitia nuru rangi yake.

Pili, kompyuta iunganishwe na umeme na kuachwa ikiwaka kwa nusu saa. Mtambo wa kupunguza mwanga wenyewe uzimwe, pamoja na ule wa kukitia kioo umanjano nyakati za usiku.

Tatu, kipimo chenyewe. Kifaa kiitwacho kolorimita huwekwa juu ya kioo. Programu huonyesha mabaka ya rangi moja baada ya jingine, na kifaa huyasoma. Malengo ya kawaida ni nyeupe ya kelvini 6,500, mng'ao wa kandela 100 hadi 120 kwa meta mraba, na gama ya 2.2, yaani namna mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe. Mwishoni programu huandika faili ya wasifu wa rangi, inayoziarifu programu nyingine tabia ya kioo hicho. Muundo wa faili hizo uliwekwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Rangi, iliyoanzishwa mwaka 1993. Kwa kuwa vioo huchakaa, kipimo kirudiwe kila mwezi au miwili.

Si lazima kila msanifu awe na kolorimita yake. Kazi haizidi saa moja, hivyo studio kadhaa zaweza kununua kifaa kimoja kwa ushirika. Programu ya ArgyllCMS hupatikana bila malipo.

Kutoka kiooni hadi kwenye karatasi

Kioo hutoa nuru. Karatasi huirudisha tu. Tena mtambo hutumia wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, ambao hauwezi kufikia kila rangi inayong'aa kiooni. Kwa hiyo msanifu amwombe mchapaji wasifu wa mtambo na wa karatasi itakayotumika, ili programu imwonyeshe mapema jinsi chapa itakavyokuwa. Kwa kazi kubwa, aombe pia nakala ya majaribio kabla ya maelfu kuchapwa, na aitazame chini ya taa ya kelvini 5,000. Akiikosa taa hiyo, aitazame kwa nuru ya adhuhuri isiyo ya jua la moja kwa moja, asitumie balbu ya manjano.

Wakulima wa Rukwa wanaijua hasara ya lumbesa: gunia lililojazwa kupita kiasi huuzwa kwa bei ya gunia moja, kwa kuwa hapakuwa na mizani. Ndiyo sababu mizani ya soko hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kioo cha msanifu nacho ni mizani, na yeyote atakayelipia bango lililokusudiwa kwenda mashambani ana haki ya kuuliza kilipimwa lini.