Vifaa vya Haidrojeni katika Magari na Gesi Asilia ya Songo Songo: Je, Gharama Yake Inalipa?

Makala haya yanachunguza iwapo mwenye gari katika pwani ya Kilwa na Lindi hunufaika kwa kununua kifaa cha haidrojeni kinachofungwa kwenye injini. Wauzaji hudai kwamba kifaa hicho hutenganisha maji kwa umeme wa gari, na gesi inayopatikana hupunguza matumizi ya petroli. Hoja ya makala ni kwamba dai hilo halisimami, kwa kuwa umeme huo wenyewe unatokana na petroli.

Tuchukue mfano wa kifaa kinachotumia ampea 20 kwa volti 14, yaani wati 280. Alteneta yenye ufanisi wa asilimia 60 huidai injini wati 467. Injini yenye ufanisi wa asilimia 25 hulazimika kuchoma petroli ya wati 1,867 ili kuzitoa. Kifaa chenye ufanisi wa asilimia 60 hurejesha haidrojeni ya wati 168 tu. Dereva hutoa sehemu kumi na moja, akarudishiwa moja.

Wapo wanaojibu kwamba haidrojeni huifanya petroli iungue vizuri zaidi. Hata hivyo, injini ya kisasa iliyo nzima huunguza karibu petroli yote. Nishati kubwa hupotea kama joto, wala si kama mafuta yasiyoungua. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limetathmini vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kubana mafuta, bila kupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi kikubwa.

Gesi asilia iliyoshindiliwa ni jambo tofauti, kwa sababu nishati yake hutoka nje ya gari. Gesi hiyo iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kikwazo ni kwamba vituo vingi vya kujazia magari viko Dar es Salaam, ilhali kisima kiko Kilwa.

Kwa hiyo, kifaa cha haidrojeni hakistahili gharama yake. Anayesafiri Dar es Salaam mara kwa mara anaweza kufikiria mfumo wa gesi. Asiyesafiri atanufaika zaidi kwa kutunza injini na kupima upepo wa matairi. Kwa watunga sera, swali lililobaki ni lini gesi ya Kilwa itawafikia madereva wa Kilwa.