Kwenu Si Kwake Bado: Safari Ndefu ya Kusalimia Ndugu na Mtoto Mchanga

"Mmesafiri siku za karibuni?" nilimuuliza baba mmoja aliyeleta mtoto wa miezi minane mwenye homa, mwezi Januari, sikukuu zikiwa zimekwisha na watu wa mtaa wetu wa Mengo, Kampala, wamerudi mjini.

"Hapana, daktari," akajibu. "Tulikwenda nyumbani tu."

Nyumbani palikuwa Iganga. Walikaa siku nne kwa bibi yake mtoto, na walikuwa wamerudi siku kumi na mbili zilizopita. Kipimo cha damu kilionyesha malaria.

Jibu lile nalisikia kila mwaka, na baba yule hakudanganya. Mtu hasafiri kwenda kwao, anarudi. Wataalamu wa afya ya wasafiri wameliona jambo hili duniani kote. Mganda anayeishi London akija Kampala kusalimia wazee yumo hatarini zaidi kupata malaria kuliko mtalii Mwingereza aliyekuja kutazama sokwe. Mtalii amemeza dawa ya kinga na analala ndani ya chandarua. Mwenyeji anasema, "Maji haya nimeyanywa tangu utotoni, mbu hawa wananijua."

Mtu mzima akijidanganya hivyo, angalau ana mwili uliowahi kuishi huko. Mtoto hana. Mwili wa mtoto aliyezaliwa Mengo haujui kwamba Iganga ni kwao. Ndiyo maana kila Novemba huwaambia wazazi neno moja: mnakokwenda ni kwenu, lakini si kwake bado. Katika gari lile mtoto ndiye msafiri pekee, basi aandaliwe kama msafiri.

Mtaa wetu umewahi kupokea wasafiri waliojua kuwa ni wasafiri. Februari 1897, Albert Cook, daktari wa kimisionari, na wenzake, miongoni mwao muuguzi Katharine Timpson, walifika Mengo baada ya miezi kadhaa ya kutembea kutoka pwani ya Mombasa, na mwaka huohuo hospitali ikaanzishwa. Watu wale walipanga kila mzigo, kwa sababu walikuwa wanakwenda ugenini. Sisi tunajaza buti mikate, sukari na sabuni za kuwapelekea wakubwa, kisha mtoto tunampakata na kuondoka.

Desemba iliyopita ilikuwa zamu yangu. Tulitoka Mengo na binti yetu wa miezi saba tukaenda Masaka kwa shangazi yangu, Mbarara kwa rafiki tuliyesoma naye, na Kabale kwa kaka yangu. Tukarudi Kampala, tukavuka Nile Jinja na kufika Iganga kwa mama mkwe. Zilikuwa siku 19 na zaidi ya kilomita elfu moja. Nitaeleza tulichofanya na sababu zake, ili nawe ujue cha kushika na cha kuacha.

Barabarani

Hatari kubwa kuliko zote katika safari hii haina mbu wala vijidudu. Ni gari lenyewe.

Tulipompakia Ssenga Masaka ili atusindikize Mbarara, alinyoosha mikono papo hapo. Ssenga, kwa wasiojua Kiganda, ni dada wa baba, na neno lake ni zito. "Mwanangu, mbona mmemfunga mtoto kama mzigo? Nipe nimpakate."

"Nisamehe, Ssenga," nikamwambia. "Tukisimama Lyantonde utampakata mpaka uchoke."

Nikamweleza hesabu yake njiani. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, pua yake ikajikunja nusu mita na kusimama, kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa nguvu kama mara ishirini ya uzito wake. Binti yetu ana kilo 7. Kwa nukta ile moja, mikono ya Ssenga ingetakiwa kushika kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mikono ya namna hiyo, hata ya mama. Ssenga alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi wakubwa je?" Akavuta mkanda wake akaufunga.

Kiti cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu, lakini kikitumiwa ipasavyo. Kiwekwe siti ya nyuma, kikitazama nyuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake na shingo bado ni laini. Akitazama mbele, kichwa hurushwa na shingo ndiyo inayokizuia. Akitazama nyuma, nguvu ile hutawanyika mgongoni kote. Asikae hivyo siti ya mbele kwenye gari lenye mfuko wa hewa, kwani mfuko ukifyatuka utagonga kiti chake kwa nguvu ya kuua. Mikanda ibane kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu kwenye bega. Kabale kuna baridi kali usiku na alfajiri, na hapo wazazi wengi humvika mtoto koti nene kabla ya kumfunga. Koti hilo huacha nafasi chini ya mkanda, na siku ya ajali mtoto huchomoka. Mfunge akiwa na nguo nyepesi, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda. Ukinunua kiti kilichotumika, kama wengi tunavyofanya Kampala, uliza historia yake. Kiti kilichowahi kupata ajali hakifai tena.

Kiti nacho kina hatari yake. Mtoto akilala ameinama, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hukunjika kama mrija laini. Tulipokaribia Lukaya nilimwona wetu yuko hivyo, mdomo umefumba, pumzi ndogondogo. Tukasimama, tukamtoa, tukamlaza chali kwenye mkeka chini ya mti kwa dakika ishirini. Kanuni ni kutozidisha saa mbili mfululizo. Aliye chini ya mwezi mmoja, nusu saa yatosha, na heri safari yake iahirishwe. Wakati wachoma kuku wa Lukaya wanakuzingira dirishani, usimwache mtoto ndani ukashuka kununua. Gari lililofungwa juani hupanda joto nyuzi kama kumi ndani ya dakika kumi, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Wasio na gari watapanda basi au taksi, ndivyo tunavyoziita matatu hapa. Huko kiti cha mtoto ni nadra kupata pa kufungwa. Chagua siti za katikati, si ile ya ubavuni mwa dereva. Mfunge mtoto kifuani kwako kwa mbeleko, uso wake uuone na pua iwe wazi, na mkanda wa siti upite kwako peke yako, kamwe usimzungushe yeye. Safirini mchana. Najua usiku mtoto hulala na safari huonekana fupi, lakini usiku ndipo malori yaliyoharibika hulala barabarani bila taa. Sisi tuliondoka kila mara alfajiri kukiwa kumepambazuka.

Tumboni

Aliye chini ya miezi sita hahitaji mzigo wowote wa chakula: ni ziwa la mama peke yake. Hata jua la Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, halimfanyi ahitaji maji. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji tayari. Anyonye mara nyingi zaidi, na mama anywe vya kutosha.

Baada ya miezi sita Uganda ina jibu lake zuri. Katika kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa katika hospitali ya Mulago mwaka 1965, mama hufundishwa kupika kitobero: matooke au viazi vitamu, maharage yaliyomenywa au karanga zilizopondwa, samaki au yai, na mboga za majani, vyote vikapikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Ni vyakula vya nyumba yoyote ya kijijini, kwa hiyo popote tulipofika sikuomba kupikiwa cha pekee. Niliomba kifurushi kidogo cha jani ndani ya sufuria ileile ya wakubwa. Kitobero kikishapoa kiliwe ndani ya saa mbili, kinachobaki ale mama. Mkiwa njiani na mtoto ana njaa, chakula salama kuliko vyote ni ndizi mbivu uliyoimenya wewe mwenyewe kwa mikono iliyonawa.

Zawadi mbili zipokee kwa mikono miwili lakini usimpe mtoto kama zilivyo. Ya kwanza ni maziwa mabichi ya Ankole. Yachemshwe mpaka yapande, kwani maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela na kifua kikuu, na hata yakichemshwa yasichukue nafasi ya ziwa la mama. Ya pili ni asali. Mtoto asiilambe kabla ya kutimiza mwaka, hata tone la kutuliza kikohozi, maana hubeba mbegu za bakteria zinazoweza kupooza misuli ya mtoto, na kuichemsha hakuziui.

Akiharisha, mpe maji ya ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, pamoja na zinki kwa siku 10: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi. Aendelee kunyonya. Nunua vyote viwili kabla ya kuondoka, maana kuhara hakungoji duka la dawa lifunguliwe.

Mikono ya upendo

Mtoto wa kwanza kuletwa nyumbani hupita mikononi mwa ukoo mzima, na ndivyo inavyopasa. Simwambii mtu amfiche mtoto asionwe na wazee wake. Tulifanya jambo dogo: ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mimi nikawa wa kwanza kunawa mbele ya watu, kisha nikamkabidhi mtoto kwa mzee. Hakuna aliyeudhika, kwa sababu hakuna aliyeamriwa. Mwenye kikohozi au kidonda cha homa mdomoni alimsalimia kwa kumshika mguu, na busu la wengine likawa utosini, si mdomoni.

Ngao iliyo nyuma ya mikono ile ni chanjo. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humkinga na kifaduro na magonjwa mengine, na ya miezi tisa humkinga na surua, rubela na homa ya manjano. Tarehe ikiangukia safarini, usiiruke. Beba kadi yake na uingie kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Chanjo ni bure.

Jioni ya Iganga

Kampala ina malaria, lakini Busoga, iliko Iganga, ina nyingi zaidi, sawa na Lango, Acholi na West Nile. Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria katika wilaya zenye mzigo mkubwa, dozi nne katika miezi ya 6, 7, 8 na 18. Mtoto wa Kampala huenda hajaipata, na hata aliyeipata bado anahitaji chandarua, kwani chanjo hupunguza ugonjwa bila kuumaliza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kushuka kwenye gari letu Iganga hakikuwa mikate. Kilikuwa chandarua chenye dawa, pamoja na kamba ya katani na misumari minne. Mume wangu alipanda juu ya kiti akafunga kamba kwenye boriti jua halijazama. Mama mkwe akashika taa na kuuliza, "Kwani kile changu kina nini?" Tukakikunjua pamoja. Kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Tulikishona usiku uleule, na chetu tukamwachia tulipoondoka. Saa kumi na mbili jioni mtoto alikuwa tayari na nguo ya mikono mirefu na soksi, kwa sababu mbu wa malaria hutafuta damu tangu giza linapoingia mpaka alfajiri.

Mkisharudi

Safari ya mtoto haiishi mnapofungua mlango wa nyumba Mengo. Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa kuonekana, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza, na huweza kuchelewa mpaka miezi mitatu. Homa ikija katika muda huo msiseme ni meno. Apimwe damu siku hiyohiyo. Aliye chini ya miezi miwili mwenye homa ya aina yoyote apelekwe hospitali bila kungoja, hata kama hajasafiri. Kwa umri wowote, mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na haamki, safari yake ni ya hospitali wakati huohuo.

Na muuguzi akiuliza kama mmesafiri, jibu liwe ndiyo. Ndani ya kadi ya binti yetu baba yake ameandika: Masaka, siku tatu, Mbarara, siku tatu, Kabale, siku tano, Iganga, siku nne, na tarehe kando ya kila jina. Ipo siku binti yetu atasema Iganga ni kwao, na atakuwa amesema kweli. Mpaka siku hiyo, orodha ile ikae kwenye kadi, mahali ambapo daktari yeyote ataiona kabla hajauliza.