Kushona Bembea ya Kulalia Porini

Bembea ya kulalia ni kitambaa kimoja kirefu kilichobanwa ncha zote mbili na kufungwa kati ya miti miwili. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakiilalia tangu zamani, kabla Christopher Columbus hajaiona kwao mwaka 1492. Wapiga kambi wanaojishonea siku hizi hufuata umbo lilelile, ila badala ya pamba wengi hutumia nailoni.

Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, kitambaa cha mita 3.5 kwa mita 1.5 kinatosha. Kubania urefu ni hasara, kwa sababu bembea fupi humkunja mlalaji mgongo usiku kucha. Nailoni inayofaa ni ile nyepesi yenye vijimraba vya nyuzi nene, ambavyo huzuia tundu dogo lisiendelee kuchanika. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba huoza kwa unyevu, na sindano iwe mpya na nyembamba.

Kazi ya cherehani ni ndogo. Kingo ndefu hukunjwa mara mbili kwa upana wa sentimita moja, kisha hupigwa mshono ulionyooka. Ncha nazo hupindwa sentimita nne hivi. Kinachohitaji mikono yenye subira ni kubana: kitambaa hukunjwa marinda membamba yanayolingana mpaka ncha nzima ienee kiganjani, kisha kamba imara huzungushwa mara kadhaa nyuma tu ya pindo na kukazwa kwa nguvu. Pindo hubaki limevimba nje ya kamba na kuizuia isichomoke. Kwa ufundi huu uzito hubebwa na kitambaa chenyewe, si uzi wa cherehani, na ndiyo maana hata anayejifunza kushona anaweza kutengeneza bembea ya kuaminika.

Raha ya kulala, hata hivyo, hutokana na ulegevu. Kamba zikishuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, mtu wa kilo 70 huvuta kila upande kwa uzito wa kilo 70 hivi. Zikikazwa hadi nyuzi 10, mvuto huo hufika kama kilo 200, na hapo ndipo kamba huweza kukatika. Ili ulegevu usibadilike kila kambi, kamba nyembamba isiyonyumbuka hufungwa juu kutoka ncha hadi ncha, urefu wake ukiwa takribani asilimia 83 ya urefu wa bembea. Bembea ya mita 3.4 basi huhitaji kamba ya mita 2.8.

Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Mlalaji hujilaza mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa kati na miguu upande wa pili, ili mgongo unyooke. Akihisi kitambaa kinambana mabega, kamba ya juu hufupishwa sentimita mbili au tatu, kisha hujaribiwa tena. Akiteleza kuelekea miguuni, au ukingo mgumu ukimkera chini ya mashavu ya miguu, upande wa miguu huinuliwa kidogo.

Mtini hufungwa mkanda wa poliesta wenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, usiokata gome. Jaribio la kwanza lifanyike bembea ikiwa chini, isiyozidi nusu mita kutoka ardhini, mahali pasipo mawe, na mtu akae taratibu kabla ya kuachia uzito wote.